Mtaa Usio na Kaburi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Ugunduzi! Nimezunguka mtaa wetu wa Upeo, hapa Kitengela, mlango kwa mlango, na matokeo yanastaajabisha. Watoto wanazaliwa kwa wingi. Wapangaji wanaongezeka. Vifo: hakuna. Tangu mtaa huu uanze, halijachimbwa kaburi hata moja.

Ni kweli kwamba wagonjwa mahututi hurudishwa kwao, Siaya, Busia au Makueni, na huzikwa huko. Kitaalamu, hao ni wahamaji. Nasema hivyo nikiwa na shahada ya takwimu za watu.

Jumamosi kamati ya wakazi itamteua afisa wa mipango. Mpinzani wangu ni Kiama, mtu wa diploma, anayekadiria idadi ya wakazi kwa kutazama foleni ya mitungi penye tangi la maji. Mitungi! Namhurumia.

Jumanne, 4 Novemba

Tatizo. Jirani yangu, nyanya wa Kikamba tunayemwita Susu Nzilani, amezidiwa. Ni moyo. Miguu imevimba na pumzi inamshinda. Huyu ndiye mama ambaye amenilisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, tangu nitoke chuoni, wala hajawahi kuniuliza nitapata kazi lini.

Leo aliniketisha. Anataka azikwe hapa, nyuma ya nyumba yake, katika ploti aliyoinunua kwa jasho la kuuza mboga. Anahofia kamati itakataa, kwa kuwa watu husema kaburi hushusha bei ya ploti za jirani. Makueni kwa marehemu mumewe hataki. Alipofiwa, shemeji zake walimtoa nje pamoja na mtoto.

"Wewe umesoma, kijana," akaniambia. "Nisemee Jumamosi. Kule watanilaza kando ya watu walionifukuza."

Niliahidi. Nikala sahani mbili. Nilipofika kwangu ndipo nikatambua uzito wa jambo: kaburi moja tu, na ugunduzi wangu umekwisha.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango. Nilimwendea Mwololo, mwana wa Susu, fundi wa kuchomelea vyuma. Nikamweleza kwa lugha ya staha kwamba kamati haiwezi kuruhusu kaburi, na kwamba hewa ya Makueni ni nyepesi kwa wagonjwa wa moyo. Hakuna utafiti unaonipinga. Sijautafuta.

Mwololo akainamisha kichwa. Akasema ami zake wanapiga simu kila siku, wakimwambia ni aibu kumwacha mama afie miongoni mwa wapangaji. Anachoogopa ni machozi ya mama tu. Nikamwambia hayo aniachie mimi.

Kwa Susu nilisema kwamba kamati imekataa, lakini nitakata rufaa. Yeye aende tu akapumzike. Akirudi, mambo yatakuwa yamenyooka. Akauliza ni nani aliyekataa. Nikamtaja mwenyekiti mwenyewe, Mwalimu Nasike. Akasema kama Mwalimu amesema, basi. Akaomba aletewe leso yake nzuri.

Mpango umefaulu. Sijui kwa nini sikuweza kula.

Alhamisi, 6 Novemba

Wameondoka asubuhi kwa gari la kukodi, Probox. Susu alitaka kuwaaga majirani, lakini kila mlango ulikuwa na kufuli. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda kazini Nairobi. Aliniaga mimi na Kiama, aliyekuja kusaidia kumbeba. Alimnong'oneza Kiama jambo. Mimi aliniambia nisichelewe kumsemea.

Kiama akaniuliza inakuwaje mtu katika hali ile anasafirishwa. Nikamshauri ashughulikie mitungi yake.

Nimeandika katika ripoti: mhamaji mmoja.

Jumamosi, 8 Novemba

Kikao. Nilisoma ripoti yangu nikiwa nimevaa tai. Nilipofika kwenye sehemu ya vifo, nilitua kidogo ili wajumbe wapate nafasi ya kushangaa.

Kiama akainua mkono. Hakusema neno kuhusu idadi ya watu. Alisema Susu Nzilani ana ombi, naye akalieleza lote, tena vizuri kuliko ambavyo ningelieleza.

Mwalimu Nasike akavua miwani. "Ploti ni yake na hati ni yake. Alikuwa anaomba ruhusa kwa nani?"

Wajumbe wote wakakubali, hata yule mwenye ploti inayopakana na yake. Mwalimu akauliza nani alimwambia mama wa watu kwamba amekataliwa. Nikaendelea kukagua ukurasa ambao hauna kosa lolote.

Akampigia Mwololo ili amrudishe mama. Alisikiliza, kisha akaiweka simu mezani polepole. Susu alifariki asubuhi. Ami zake Mwololo tayari wamechagua mahali.

Kiama akatoka kwenda kutafuta gari la kumpeleka Makueni akawasihi ami hao wamrudishe Susu azikwe hapa. Mimi nilibaki nimeketi na tai yangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Amezikwa jana. Kiama alisihi juma zima. Walimwambia mke wa ukoo haombewi na mpangaji. Majirani waliosafiri kwenda mazishini wanasema amelazwa kando ya shemeji yake mkubwa, yule aliyelitupa godoro lake nje. Mwololo alisimama mbali, hakutupa udongo.

Sikwenda. Nililia peke yangu jikoni, tena sana. Nyumba yake imefungwa.

Kiama ameteuliwa kuwa afisa wa mipango.

Hata hivyo, sayansi haina budi kusonga mbele. Matokeo yangu hayajabadilika: mtaa wa Upeo bado hauna kaburi. Jumatatu nitaipeleka ripoti mjini Kajiado, makao makuu ya kaunti, mahali ambapo huenda msomi akathaminiwa. Kuna jambo moja dogo la kuweka sawa kwanza. Mzee Odero wa nyumba ya pembeni anakohoa tangu juzi, kikohozi kizito. Kesho baada ya ibada nitapita kwake na maziwa, nimuulize kwa upole ni lini mara ya mwisho alipokwenda kupumzika Siaya.