Mtungi Uliopakwa Povu la Ndevu

"Jamaa kawasha kiberiti aone gesi inavujia wapi," Antena alisoma habari kwenye simu, sigara mdomoni.

"Akapaona?" aliuliza Profesa, kinyozi wa mlango wa pili.

"Vizuri tu. Sasa hivi mlango wa jiko lake uko juu ya paa la jirani."

Benchi zima likacheka, isipokuwa Soli, mshona viatu. Mwenzao alikuwa na lake moyoni. Siku ya tatu hiyo mkewe yuko kwa dada yake, ameapa hatarudi kwenye nyumba inayonuka gesi mpaka mtu mwenye akili aikague. Soli alimkumbuka mpaka alikuwa anajibishana na sufuria. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuja na mtungi begani, akauficha chini ya benchi.

"Jamani, na mimi ninao unaovuja," alisema, akauvuta mtungi nje.

Shangazi Birika, muuza kahawa, alinyanyua jiko lake la mkaa akavuka nalo barabara bila kutazama magari. "Mnataka tuzolewe kwa kijiko? Antena, zima hiyo sigara!"

Antena aliizima ndani ya kahawa ya Profesa. "Niachieni mimi. Pua yangu ni mashine."

"Mashine gani, na soksi zako hujawahi kuzinusa?" alidakia Profesa. " Kinachotakiwa ni povu. Unapaka, ukiona mapovu yanatoka, inavuja. Sayansi hiyo!"

Profesa alikimbilia kwake, akarudi na povu la kunyolea ndevu. Akaupaka mtungi kuanzia koki mpaka kitako, kama anamnyoa bwana harusi. Wakainama kutazama.

"Mapovu!" Antena alipiga kelele. "Unavuja!"

"Wapi?"

"Kote! Hata chini!"

Kufumba na kufumbua benchi likawa tupu, wote wako ng'ambo ya barabara kwa Shangazi Birika. Soli peke yake alibaki, kaukumbatia mtungi, povu limemjaa kidevuni, machozi yanamlengalenga. Hapo ndipo mkewe alipotokea na mfuko mkononi. Akaunyanyua mtungi kwa vidole viwili.

"Baba watoto, huu si ule uliokwisha? Unaonuka uko nyumbani."

"Ule mzito, mke wangu. Mgongo wangu unaujua."

"Nimeshapita huko na maji ya sabuni. Koki ni nzima. Mpira wa gesi ndio uliotoa mapovu, nikafunga gesi, nikafungua madirisha." Akautoa mpira kwenye mfuko. Mwisho wake ulikuwa umekazwa kwa kamba ya kiatu. "Nani kafunga hivi?"

Waliokuwa ng'ambo ya barabara walikitazama kiatu cha kushoto cha Soli. Kilikuwa wazi kabisa, hakina kamba.

"Klipu ilipotea," alisema Soli. "Nikasema iwe ya muda."

"Nunua mpira mpya na klipu, fundi wa gesi aje aufunge. Nikipaka sabuni nisione mapovu, leo nalala nyumbani."

Soli hakungoja la pili. Alitoka mbio, kiatu cha kushoto kikabaki katikati ya barabara.

"Jamani, mpeni kamba!" alisema Shangazi Birika.

"Asipewe!" mkewe alipiga ukelele. "Ataifungia gesi!"