Wiki Niliyoihamisha Kompyuta ya Kanisa Uholanzi

Jumapili, 5 Oktoba

Njau wa Ruiru ndiye atakayeshika kompyuta ya kanisa kuanzia leo. Mama Warigia, mwenyekiti wa kamati, ametangaza hivyo mbele ya kanisa zima la Kiganjo. Mimi nimehamishiwa viti. Kuvipanga, si kuvikalia.

Sababu iliyotolewa: katikati ya video ya wimbo wa pili lilitokea tangazo la kamari, kubwa, ukutani. Mwanamume mwenye suti ya dhahabu akasema leo ni siku yako ya kushinda. Safu ya mbele ya akina mama ikajibu amina.

Nilijitetea kwamba matangazo huletwa na tovuti ya video. Mama Warigia akasema tovuti haikai kwenye kiti kile, ninakaa mimi.

Hapo Njau akainua mkono. Akasema ana kivinjari kinachokata matangazo yote na kumficha mtu asifuatwefuatwe mtandaoni. Hakuna aliyemuuliza. Njau anasoma chuo hapa Thika na huvaa miwani ambayo nina hakika ni kioo cha dirisha.

Kiti chenyewe si kitu. Tatizo ni Tabby. Yeye huongoza nyimbo, na kabla ya kila wimbo huinama kwenye sikio la mwenye kompyuta na kumnong'oneza unaofuata. Kwa miaka miwili sikio hilo lilikuwa langu. Kwenye ibada ya jioni lilikuwa la Njau. Tabby aliinama zaidi ya ilivyohitajika. Nilikuwa nimebeba viti vinne, lakini niliona vizuri.

Jumapili ijayo Askofu anakuja kufungua vyoo vipya. Tabby ataimba peke yake. Siku hiyo lazima niwe kwenye kiti.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda Ruiru, kwao Njau, kupeleleza kivinjari chake. Nilimwambia bosi wangu, Bwana Kirit, kwamba nina miadi ya jino.

Akoth, mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na stendi, amethibitisha kwamba yeye ndiye aliyemwekea Njau kivinjari hicho. Alisema ni kitu cha kawaida, hata nyanya yake anacho. Nilifurahi kusikia. Nikamuuliza kama kuna kitu kinachokishinda.

Akasema kuna VPN. Ni programu inayoifanya kompyuta ionekane iko nchi nyingine. Kamari za Kenya zitakutafuta Kenya na hutakuwepo. Inafungua pia video zilizofungiwa nchi fulani tu. Akaongeza kwamba ina ubaya wake pia, akaanza kuueleza. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Njau anajificha humu humu nchini, kama mtu anayemkwepa mwenye nyumba. Mimi nitakuwa ng'ambo!

Jumatano, 8 Oktoba

Majaribio. Nilitumia kompyuta ya duka. Tunauza pampu za maji, na asubuhi huwa hakuna watu. Nilichagua Uholanzi kwa sababu ilikuwa ya bure. Nikafungua nyimbo tano. Hakuna kamari. Ushindi.

Nikasahau kuizima. Bwana Kirit akakaa kulipa kodi ya duka, tovuti ya serikali ikamkatalia. Barua pepe ya duka nayo ikamwonya kwamba kuna mtu ameingia kutoka Uholanzi. Halafu akageuka.

"Muriithi, duka tulihamisha lini?"

Nikamweleza kwamba ni mambo ya usalama. Akasema kodi yake angependa kuilipia Thika, na akaniomba nimrudishe Kenya kabla ya chakula cha mchana. Nilimrudisha. Jioni, akifunga duka, akaniuliza jino linaendeleaje.

Kutoka kazini nilipitia kwa Mama Warigia. Nikamshawishi afanye mashindano: atakayepitisha wimbo mzima bila kamari, huyo ndiye atakayeshika kompyuta Jumapili mbele ya Askofu. Akakubali ili niondoke jikoni kwake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikukuu ya Mazingira. Nchi nzima inapanda miti. Sisi tuko kanisani kwa mashindano.

Njau alianza. Akakunja mikono ya shati kama daktari wa upasuaji. Akafungua kivinjari chake, akabonyeza wimbo. Ukuta ukawa mweusi. Kisha maandishi: tovuti imegundua kwamba unazuia matangazo, video haitachezwa mpaka uyaruhusu. Akajaribu tena. Weusi uleule. Akavua miwani, akaifuta. Nilisimama karibu ili nisikose chochote.

Zamu yangu. Uholanzi. Wimbo ukaanza, safi. Baada ya ubeti wa kwanza likaingia tangazo. Ng'ombe, nyasi, mzungu mwenye kofia akizungumza.

Mama Warigia akauliza ni lugha gani. Nikasema Kiholanzi. Akauliza kama ni kamari. Nikasema ni jibini. Akafikiri huku mzungu akikata kipande.

"Jibini si dhambi," akasema. "Muriithi, Jumapili ni wewe."

Njau alinipongeza, akanishika mkono. Mnafiki. Tabby akasema basi tutaonana Jumapili. Alisema "tutaonana". Njau alikuwa amesimama palepale na akalisikia.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisa limejaa. Askofu mbele, mimi kwenye kiti, Njau nyuma kwenye viti nilivyovipanga mwenyewe. Nilimpangia kilicholegea mguu.

Tabby alikuja, akainama. Akaninong'oneza: ule wa kwaya ya Kalimoni, muziki bila sauti za waimbaji. Harufu ya mafuta ya nazi. Nilibonyeza.

Ukuta ukasema: video hii haipatikani katika nchi yako.

Kumbe kwaya ya Kalimoni imeiruhusu video yake Afrika Mashariki peke yake. Kutoka kanisani kwetu, Kalimoni ni hapo tu. Lakini kompyuta ilikuwa Uholanzi.

Nikafungua VPN kuizima. Jina la nchi likatokea ukutani kwa herufi kubwa. Programu ikaniuliza swali kwa Kiholanzi. Nikakubali. Tukaenda Japani.

Askofu akasimama. Akasema amekwenda makanisa mengi lakini hajaona lenye maono kama haya. Akawaombea Waholanzi, kisha Wajapani. Nikabonyeza tena. Brazili. Kanisa zima likasimama na kuiombea Brazili. Singapuri ilipata maombi marefu, kwa sababu hapo kompyuta iliganda.

Tabby alikuwa bado amesimama na kipaza sauti. Akanisogelea.

"Muriithi, zima tu hiyo kitu."

Nikamwambia nakaribia Kenya. Tulikuwa Ufini.

Akaniacha. Akarudi mbele na kuanza kuimba hivyo hivyo, bila muziki. Ndipo Njau, kwa kuwa hakuwa na kazi, akachukua kayamba pembeni na kwenda kusimama naye. Anajua kupiga kayamba! Hakuna aliyewahi kuniambia. Tabby aliimba wimbo wote akimtazama yeye. Najua ni kwa ajili ya mdundo. Lakini wimbo una beti tano, na mdundo ulikuwa mmoja.

Njau angekuwa na kompyuta, mikono yake isingepata nafasi ya kushika kayamba. Mimi ndiye niliyemnyang'anya kompyuta. Sitaki kuliwaza hilo zaidi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama Warigia amepiga simu asubuhi. Askofu amefurahishwa na maombi ya mataifa na anataka yafanywe kila Jumapili. Kiti cha kompyuta ni changu moja kwa moja, nisisumbuliwe.

Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kundi la nyimbo limeamua kuachana na video. Tabby ataimba na kayamba. Njau atasimama upande wake wa kulia. Mataifa ya kuombea nitatajiwa na Mama Warigia mwenyewe, kwa sauti, kutoka mlangoni.

Mchana nimempigia Akoth. Amenishauri nijifunze kupiga kayamba. Ushauri wa mtu asiyejua teknolojia. Nimeshapata programu ya simu inayopiga kayamba yenyewe, kwa kasi ambayo Njau hawezi kuifikia. Huku Kenya programu hiyo haipatikani. Brazili inapatikana, kwa hiyo simu yangu imehamia Brazili.

Mazoezi ni Ijumaa, tarehe 17, saa kumi jioni. Nitaiunganisha na spika kubwa.