Niliyoyaona Ayalandi kwa Niaba Yenu

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, Ndugu Mwenyekiti wa kitongoji, wenyeviti wote mliokaa kwenye viti na ninyi mlioketi chini kwa hiari yenu, Baba Katekista, kwaya, waheshimiwa waliofika, waheshimiwa walioahidi kufika, wake zao, wawakilishi wa wake zao, wazee maarufu na wazee wa kawaida, wananchi wenzangu wa Buswahili, Tumsifu Yesu Kristo! (Milele amina.) Itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Prosper Magesa, mzaliwa wa hapa hapa, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Kamati ya Kanda Ndogo ya Uamshaji wa Urithi. (Makofi ya wastani.) Makofi hayo hayatoshi, kwa sababu niliiacha familia yangu nyumbani kwangu mjini, Mwisenge, nikapanda ndege tatu, nikaenda kulala Ayalandi siku kumi na nne kwa niaba yenu. (Sauti ya mama: "Pole, baba!") Asante mama. Kulikuwa na baridi, na baridi ile niliisikia kwa niaba yenu.

Huko, mimi na wenzangu wa ziara ya mafunzo, tulitembezwa kwenye miji midogo ya vijijini, sawa tu na Butiama au Bunda, isipokuwa ng'ombe wao ni wanene zaidi kwa asilimia sitini na tatu nukta nne, takwimu niliyoikokotoa mwenyewe kupitia dirisha la basi. Siku ya tano tukafika kwenye mji ambao jina lake ninalo kwenye makabrasha, lakini ulimi wangu haujapata kibali cha kulitamka. Una barabara moja, duka moja, na kanisa la mawe lisilo na paa ambalo limesimama miaka mia nane. Nikauliza, mkurugenzi wa eneo yuko wapi tumsalimie kiitifaki? Wakatuonyesha nyumba ya jirani. Akatoka bibi mmoja anaitwa Nora, mikono imejaa unga, akatungua ufunguo nyuma ya mlango wa jiko, akatufungulia. Basi! Hakuna utepe, hakuna meza kuu, hakuna stekiholda hata mmoja. Bibi na ufunguo wake. (Kicheko.)

Akatuzungusha jiwe kwa jiwe: hili alilichonga fulani, hapa amelala fulani. Kisha akatukaribisha chai jikoni kwake, akaniuliza, "Na kwenu mna nini?" Nikafungua kompyuta nimwonyeshe pawapointi yangu ya slaidi arobaini. Akaifunika kwa ule mkono wenye unga. "Sikukuuliza mnapanga nini. Nimekuuliza mna nini."

Ndugu zangu, niliizima kompyuta. Mimi! (Kicheko kikubwa.) Ndipo nikalikumbuka boma la mawe la mababu, hapo kilimani, nilipokuwaga nachunga mbuzi za baba. Nikamsimulia, akasikiliza mpaka chai yake ikapoa. Akauliza, nani analitunza? Nikajibu, Kamati yangu. Akauliza, "Anaitwa nani?" Nikaomba nyongeza ya chai.

Kwa muktadha huo, na kwa kuzingatia fremuweki shirikishi, jumuishi na endelevu, leo ninazindua Kituo cha Urithi cha Buswahili, kitakachopokea watalii elfu tisa kila robo mwaka, ambapo kwa mujibu wa rodimapu niliyoiandaa mimi mwenyewe bila msaada wa mtu, kila kaya itafikiwa na mtalii mmoja na nusu... Ndiyo, bibi? Mpeni maiki. Hapana, msimpe. Ameshaanza.

(Bibi Nyamburi, anayelifagia boma hilo kila wiki tangu alipoolewa, amesimama: "Baba, anaitwaga Nyamburi. Nimengoja ulitaje jina hilo, hukulitaja. Sasa nikuulize, ukuta wa upande wa machweo uko wapi?")

Swali zuri sana. Ukuta ule ulichukuliwa na lori kwa ajili ya upembuzi yakinifu, maana kitaalamu huwezi kupembua kitu kikiwa bado kimesimama. (Minong'ono. Sauti: "Kibali cha lori kina sahihi yako!") Sahihi ni yangu, lakini mkono ulikuwa Ayalandi.

(Leonardi, dereva wa bodaboda, anapaza sauti: "Mawe nimeyaona Mwisenge! Amejengea uzio wa nyumba yake!")

Ndugu Leonardi, neno "uzio" si la kitaalamu. Mawe yale yamehifadhiwa. Yamehifadhiwa wima, kwa saruji, ili yasipotee. (Kelele. Wengine wanasimama.) Tulieni! Bibi anaongea tena, tumsikilize.

(Bibi Nyamburi: "Baba mkwe alinionyesha mawe yale moja moja, kabla macho yake hayajafa. Akasema, nikiondoka, wewe ndiye utayajua. Sasa mjukuu akiniuliza ukuta, nimpeleke Mwisenge akachungulie kwako?")

(Bibi Nyamburi anaketi.)

Bibi... hapana, hilo sina slaidi yake. Ni kweli. Nimekosa.

(Sauti nyingi: "Jumamosi tunakuja na mikokoteni!") Nimelipokea kama ushirikishwaji wa wananchi. Naomba tu mje baada ya chakula cha mchana, kwa sababu mama watoto hajui yametoka wapi. (Kicheko, vigelegele.)

Tumalizie kwa kaulimbiu. Nikisema "Urithi wetu," jibuni "Fursa yetu!" Urithi wetu! ("Mawe yetu!") Fursa yetu! ("Mawe yetu!") Haya, tuiachie hapo.

Nawashukuru kwa kuupokea mradi huu kwa ukarimu zaidi kuliko kata nyingine sita nilikouzindua mwezi huu, na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, mradi wenyewe haujaandikwa, haujaombwa popote, na hakuna ofisi iliyowahi kuusikia. Kilichopo ni hili jiwe la msingi tu, lililoandikwa "Umezinduliwa Hapa," ili lifae kila mahali. Vijana, nisaidieni kulipakia garini, kesho asubuhi linatakiwa Bunda. Asanteni sana, Mungu awabariki. Bibi Nyamburi, naomba uinuke kidogo, umelikalia.

(Bibi Nyamburi hainuki.)