Minyoo wa Angani Hawajapewa Jembe

Ndugu Mhariri,

Kama wewe ni mdogo kwangu, marahaba. Kama ni mkubwa, shikamoo, ingawa walio wakubwa kwangu wamebaki wachache na hakuna kati yao anayehariri gazeti. Mimi ni Bibi Naelijwa wa Suji, huku juu Upareni. Sikusoma. Anayeniandikia ni mjukuu wangu Rodgers, ambaye ndiye mshtakiwa wa pili, lakini katika nyumba hii ndiye mwenye mwandiko. Nimemwonya asinipunguzie neno.

Mshtakiwa wa kwanza ni hao wanaotengeneza gemu la minyoo wa angani. Wanakaa ng'ambo, siwajui. Wewe mtu wa magazeti utajua pa kuwapata. Rodgers alikuwa na kibanda cha gemu Same mjini. Kibanda kikafa, akapanda kwangu na televisheni, mashine yake na hilo gemu. Tangu vuli yumo humo. Minyoo wanadondoka kutoka kwenye nyota, wanawaingia watu masikioni, mtu anabaki anatembea na kula lakini si yeye tena. Nimekaa kwenye kigoda nikatazama, nisije nikashtaki nisichokijua. Malalamiko yangu ni haya.

1. Minyoo hawa hawapigi hodi. Hata funza wa mguuni anakuwasha kwanza, ndiyo hodi yake. Hawa wanaingia sikioni mtu akiwa anafunga kiatu. Ni malezi gani hayo?

2. Kazi yao wenyewe hawaijui. Mnyoo akishaingia, anamtembeza mtu hata siku haiishi, kichwa kinapasuka kama ganda la mbarika. Nimefuga mbuzi tangu nikiwa msichana, sijaona kupe anayetaka mbuzi afe leo. Kesho atakula wapi? Marehemu mume wangu aliishi na tegu tumboni miaka, hakulalamika kitu ila njaa. Huyo ndiye mnyoo mwenye akili, sawa na kupe: kupe ananyonya taratibu, ananenepa, akishiba anadondoka mwenyewe. Hao mabwana wa ng'ambo waje huku, nitawaonyesha zizi langu bure.

3. Bunduki zimo za kila namna, jembe hakuna hata moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo linajulikana hata kwa kuku. Hawa wametoka mbali kuliko mgeni yeyote tuliyewahi kumpokea, na hakuna aliyewauliza ni wa ukoo gani wala kuwatengea makande. Nilimwambia Rodgers abonyeze mahali pa kusalimia. Akasema hapapo. Sasa watajuaje kama wamekaribishwa au wamefukuzwa? Mgeni asiyepewa jembe lazima atakula wenyeji.

4. Mwenzako akiingiwa, unampiga risasi. Yule kijana wa humo kwenye gemu, aliyekuwa anammulikia Rodgers tochi tangu mwanzo wa safari, Rodgers alimmaliza mbele ya macho yangu, kisha akachota makande kijiko kingine. Mimi nilishindwa kula. Nikamuuliza, na mimi je, nikiingiwa? Akasema, Bibi, wewe ningekufungia stoo nikawa nakuletea uji. Nilishukuru. Lakini si kila mtu ana stoo.

5. Hili ndilo lililonitoa kitandani. Pembe ililia kutuita kwenye msaragambo, ile kazi ya wote, tutoe tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kila nyumba hutoa mtu, na asiyetoa mtu hapati zamu ya maji. Rodgers akaniambia ngoja kidogo Bibi, naokoa dunia. Nikaenda mimi na magoti yangu haya. Gideoni, msimamizi wa ndiva, akanitazama nazama kwenye tope, akasema mbele ya watu: Mama, wewe mnyoo wako yuko nyumbani, anakula tu. Wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Akaongeza kwamba nikileta magoti tena badala ya kijana, zamu yangu ataipa nyumba nyingine. Na maharage yangu ndiyo kwanza yanatoa maua!

Nawauliza wenye gemu: kabla yenu, nani Suji aliwahi kumwita mtoto wa mtu mnyoo? Watu wa hapa wamejifunzia dirishani kwangu, wakichungulia gemu lenu. Rodgers, usiruke hapo. Andika.

6. Kila anapomfikia mama wa minyoo, yule mkubwa wa mwisho, umeme unakatika, na gemu linamrudisha chini kabisa ya ngazi. Gemu gani hilo lisilokumbuka? Mbuzi hukumbuka zizi. Kijana wa watu anashika kichwa, anaanza upya, na chai inapoa.

Kwa hiyo naomba gemu hilo lifutwe duniani kote kabla ya mavuno. Ikishindikana, minyoo hao waandikishwe kwa mtendaji wa kijiji kama wageni wengine, wapewe majembe na siku yao ya msaragambo. Atakayekataa kuzoa tope, huyo sasa mnaweza kumpiga bunduki.

Nisalimie mkeo au mumeo, wanaochapa gazeti, anayewapikia chai, na hata huyo mama wa minyoo, maana naye ni mzazi.

Wako katika uchungu wa magoti,
Bibi Naelijwa, Suji

Tena: Mhariri, hii ya chini usiiweke gazetini. Ameiandika Lydia, binti wa jirani. Rodgers alipomaliza kuandika lile la tano aliweka kalamu chini, akalitazama jembe langu, ndipo akaendelea na la sita. Leo pembe imelia, akachukua jembe bila kutumwa.

Sasa sikiliza. Alishaniambia kwamba siku atakayomuua mama wa minyoo, atauza mashine ashuke akatafute kazi mbali. Umeme wa Suji haukatiki. Ni mimi. Meni swichi iko nyuma ya mlango wa jikoni, na mkono wangu unaifikia.

Basi gemu lisifutwe. Waambie huyo mama wamwongezee damu, na nyuma yake waweke mama mwingine, na nyanya yake pia. Kupe nimesema hudondoka mwenyewe akishiba. Wangu bado hajashiba.

Namwona anapanda kilima, tope hadi magotini. Lydia, kunja karatasi. Nakwenda kuwasha umeme.