Vita vya Chafya na Ua Moja Dogo Kama Ufuta

Nyamazeni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe uliyeegemea mlango ukijidai unapita tu, nyamaza nawe! Zimeni redio, funikeni sufuria, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Leo nawasimulia vita ambavyo majeshi yake yalikuwa watu watatu, uwanja wake chumba kimoja chenye makabati ishirini na saba, na ngawira yake ua moja dogo kama punje ya ufuta, tena ufuta uliokonda.

Shujaa wetu aliitwa Gundi. Ndiyo, Gundi, Bingwa wa Brashi, Mbandika Mimea Asiyebanduka! Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa akipokea mimea iliyokaushwa katikati ya magazeti, akiibandika kwenye karatasi ngumu, akiandika ilikotolewa, kisha akiwapa wasomi waitazame. Wasomi walitazama, yeye alibandika. Darubini ya chumbani aliifuta vumbi kila Jumatatu, ila kuchungulia ndani yake, hata siku moja.

Kila kabati lilikuwa la ukoo mmoja wa mimea, isipokuwa la ishirini na saba, lile la pembeni: Kabati la Wasiojulikana. Humo ulilala mmea ambao Gundi aliutoa kwa mkono wake mwenyewe, miaka kumi na mmoja nyuma, kwenye ufa wa ukuta nyuma ya tangi la maji. Mwezi uliofuata mafundi wakaja, wakaziba ufa kwa zege. Mmea wa namna ile haukuonekana tena, si pale wala kwingine. Na juzi bosi kabandika tangazo: Ijumaa kabati la ishirini na saba litolewe, vilivyomo vitupwe, mashine ya fotokopi ipate pa kukaa.

Fotokopi, jamani!

Basi Alhamisi akaingia mgeni, Daktari mjuzi wa koo za mimea, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na saa moja tu kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Gundi akasimama mbele yake, brashi mkononi kama mkuki.

"Daktari! Wengine waliomo humo sikuwatoa mimi, siwezi kuwasemea. Lakini huyu ni wangu. Majani yake yamewachanganya watu wote, ila ua analo, moja tu. Mhesabie stameni, vile vijiti vya chavua, tujue ukoo wake nimhamishe leo. Kesho anakwenda jalalani."

"Dada, lete hapa," akasema Daktari akikunja mikono ya shati. "Hili ni la dakika tano."

Ole wake asemaye dakika tano! Maana watu wa mimea wana tabia moja ambayo hata viapo haviwaachishi: hawaoni jani wasilinuse. Liwe bichi, liwe kavu, liwe la mwaka gani, pua itatangulia. Daktari akainama juu ya karatasi ile yenye vumbi la miaka kumi na mmoja na harufu ya vidonge vya kufukuza wadudu, akavuta pumzi kama mzamiaji.

Chafya iliyotoka hapo, enyi wasikilizaji, ilifungua kabati la nne. Kalenda iligeuka ikaenda mwezi wa tisa. Na vumbi lilipotulia, kikonyo kilibaki kitupu. Ua lilikuwa limekwenda.

"Usitembee!" Gundi akanguruma. "Usihame, usigeuke, mguu wako ukilikanyaga nitakubandika wewe kwenye karatasi!"

Wakashuka chini wote wawili kwa magoti, mashujaa wa sakafu, wakashambulia upande wa kulia, chini ya meza, chini ya kabati la kumi. Gundi akateka mguu wa mende. Akateka kipande cha kifutio. Halafu Daktari akapiga ukelele wa ushindi, akanyakua kitu kwa kibanio, akakikimbiza kwenye darubini.

"Ajabu!" akanong'ona. "Petali sizioni. Ndani matundu matupu. Dada, huu ukoo sijauona tangu nizaliwe!"

Gundi akakitazama kilichobaki kwenye kibanio. "Daktari, huo ni mkate wako wa asubuhi."

Mlango ukafunguka, akaingia Dereva, mtu wa funguo nyingi na subira haba. "Mzee, twende, ndege haina shemeji. Eh! Shangazi, mnasali?"

"Tunatafuta ua. Simama hapo hapo mlangoni, usipumue kwa nguvu."

"Ua? Si nje kuna bustani nzima?"

Gundi alikuwa amekaa sakafuni akitazama pua ya Daktari, na katika kichwa chake likachomoza wazo ambalo majemadari wengi wamekufa bila kulipata. Akainuka, akakata kipande cha karatasi ya shashi, kidogo kama ufuta, akakiweka pale pale ua lilipokuwa.

"Daktari, rudi ulipokuwa. Piga chafya tena. Tuone inapeleka wapi."

"Chafya haiji kwa kuitwa, dada!"

"Nusa."

Akanusa. Wapi! Akanusa tena, uso umekunjamana, mdomo wazi, "ah... ah...", halafu kimya. Dereva akacheka mpaka funguo zikalia. "Mzee amekwama katikati ya mlima!"

"Nusa kama uliponusa mwanzo," Gundi akaamuru, "kama mtu mwenye tamaa!"

Daktari akafumba macho, akavuta. Ikaja. Karatasi ikaruka, nayo macho sita yakaifuata: haikwenda kulia walikokuwa wakipigana, ilikwenda kushoto, juu, ikapinda mbele ya kabati la pili, ikatua kwenye ukingo wa dirisha. Na kando yake, ubavuni mwa nzi aliyekufa, lilikuwa limelala ua.

Hakuna aliyeshangilia. Waliogopa upepo wa vinywa vyao.

Ua kavu halifunuki bila maji ya moto. Dereva akatoa chupa yake ya chai, na kwa bahati hakuwa ametia majani bado. Wakaliloweka, likalainika. Lakini Daktari alipokaribia darubini, macho yake yalikuwa yamevimba kwa zile chafya, machozi yanatiririka. "Sioni kitu. Naona ziwa. Dada, kaa wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Hesabu."

Gundi akakaa. Akachungulia, na ufuta ukawa ukumbi, wenye nguzo za manjano zikizunguka. Akashika sindano, akazigusa moja moja, pumzi kaziweka mfukoni.

"Tano. Zote ndefu."

Daktari akaguna. "Tano ndefu ni koo nyingi, dada. Haitoshi."

Dereva akaangalia saa. Gundi hakuinua kichwa. Akasogeza nguzo moja kwa ncha ya sindano, taratibu kama anayemwamsha mtoto, na nyuma yake, kwenye kivuli, ikaonekana nyingine imechuchumaa.

"Ngoja! Kuna fupi! Kila ndefu ina fupi nyuma yake. Moja, mbili... tano! Kumi, Daktari! Tano ndefu, tano fupi!"

"Na kwenye majani, vidoadoa ukiyaelekeza kwenye mwanga?"

Dereva mwenyewe akaiinua karatasi dirishani. "Vipo, mzee! Vimejaa!"

"Basi ni ukoo wa michungwa, lile kabati la ishirini na tatu!" Daktari akapiga meza, wote wakaruka kulinda ua. Akatoa kijikaratasi cha utambulisho, akaandika ukoo, na mbele ya neno "Aliyetambua" akasita, akauliza, "Dada, jina lako kamili nani?" Gundi akalitaja, lote, majina matatu, na Dereva akasema, "Kumbe!"

Ndipo Gundi alipoibeba karatasi kwa mikono miwili, hatua kumi na moja, kutoka Wasiojulikana hadi ishirini na tatu. Kabati lilikuwa limejaa. Akasukuma taratibu, akabembeleza, "jamani, mpisheni ndugu yenu," na ukoo mzima, vizazi kwa vizazi vya majani makavu, ukajisogeza milimita tatu.

Ikatosha.