Siku Elfu Moja Bila Lalamiko

Tangazo lilibandikwa kwenye kila mlango wa hospitali, hata ule wa choo uliokuwa hauna kitasa. Lilisema kwamba ifikapo Ijumaa hospitali itatimiza siku elfu moja bila kupokea lalamiko hata moja, liwe la mgonjwa, la ndugu wa mgonjwa au la mpita njia. Mgeni rasmi angetoka wizarani na ngao ingekabidhiwa mbele ya umati. Wagonjwa wote waliombwa kuwa na sura za kuridhika kuanzia saa tatu asubuhi, na waliozidiwa wangegeuzwa watazame ukutani.

Aliyeliandika alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Malalamiko, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Wauguzi walimwita Bwana Taratibu, naye akaona ni sifa. Wala hakuipata bure. Alipokabidhiwa kitengo, malalamiko yalikuwa yakiingia kumi kwa siku. Mwingine angehangaika kutafuta namna ya kutibu watu vizuri zaidi. Yeye alitunga fomu.

Ilikuwa na kurasa nane. Swali la kwanza liliuliza: "Una hakika unalalamika, au umechoka tu?" Swali la nne: "Mgonjwa yu hai? Kama ndiyo, andika shukrani zako hapa chini. Kama hapana, mgonjwa aje mwenyewe." Aliyefika ukurasa wa nane akiwa bado na nguvu alipelekwa kwenye Ushauri Nasaha, ambako Mkuu alimkalisha na kumweleza kwa upole kwamba binadamu hukosea, kwamba muuguzi naye ana mama, kwamba subira huvuta heri. Watu waliingia wamefura kwa hasira wakatoka wakiomba radhi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa dhati kwamba amepunguza maumivu kuliko daktari yeyote pale.

Jumanne mchana, Mkuu akiwa kwenye kikao cha kuchagua rangi ya utepe, binti yake wa miaka saba aliteleza kwenye ngazi za shule akauangukia mkono wa kushoto. Binti huyo aliitwa Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Mama yake, fundi cherehani, aliliacha gauni la mteja likiwa limening'inia kwenye mashine akamkimbiza hospitali. Hakumpigia mumewe simu. Alishamsikia mara nyingi akijigamba kwamba pale mtu hahitaji kujuana na mtu.

Jioni Mkuu alirudi nyumbani akamkuta mtoto ameketi kitandani, mkono wa kulia umefungwa plasta nyeupe kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Wa kushoto ulikuwa mapajani, umevimba mpaka kifundo hakionekani.

"Pole, mwanangu," alisema. "Plasta imekaa vizuri."

"Baba, uliovunjika ni huu mwingine."

Mkuu aliutazama mkono mmoja, akautazama wa pili. "Pengine wameuimarisha ule mzima ili upokee majukumu ya mwenzake."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Baba Chiriku, wamemfunga mkono siyo. Niliwaambia pale pale. Wakaniambia faili linajua."

"Mara nyingi faili huwa na taarifa pana kuliko mzazi."

"Kesho asubuhi utakwenda kulalamika."

"Nani?"

"Wewe."

"Kwa nani?"

"Kwako."

Mkuu alicheka peke yake. Alipoona hakuna anayecheka naye, akakohoa. "Mama Chiriku, tuangalie jambo hili kwa mapana. Ijumaa ni siku ya elfu. Tukivuta subira mpaka Jumatatu..."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema mkewe, akarudi kwenye mashine. Hakumalizia, maana sehemu iliyobaki ilikuwa zamu ya mumewe.

Chakula kilipoletwa, mtoto hakuweza kushika kijiko kwa mkono wowote. Alilishwa kama kichanga. Lakini kilichomkosesha baba yake hamu ya kula hakikuwa hicho. Ni kwamba tangu waketi mezani, Chiriku hakuwa amesema neno.

Asubuhi ya Jumatano alimbeba hadi chumba cha plasta. Hakwenda kulalamika, alimwambia mkewe. Alikwenda kuweka mambo sawa kiutendaji. Mfunga plasta alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye chokaa mpaka kwenye nyusi.

"Faili limeandika kushoto," alisema. "Nami nikafunga kushoto."

"Lakini huu ni wa kulia."

"Kwake. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, Mkuu. Kwangu ni kushoto. Waraka hausemi kushoto kwa nani."

Mkuu alizikumbuka nyaraka zote kichwani, moja baada ya nyingine. Kweli, hausemi.

"Basi ifungue, uufunge ule mwingine."

"Ningependa. Ila faili limeshafungwa. Waraka wako wa kumi na mbili: faili lililofungwa halifunguliwi ila kwa lalamiko lililopokelewa." Aliusema kwa heshima, kama mtu anayemsomea mwandishi kitabu chake.

Kwenye zahanati ya mtaani nako mama mtu alikuwa ameshajaribu jana yake. Walimjibu kwamba hawagusi plasta ya hospitali kubwa bila barua. Kwa hiyo Mkuu alimshika binti yake begani wakaelekea kwenye Kitengo cha Malalamiko, na kwa mara ya kwanza tangu kianzishwe aliingia kwa mlango wa mbele.

Benchi lilikuwa limejaa. Bibi mmoja aliyejifunga kanga mbili alijisogeza akampakata mtoto.

"Kaa, mwanangu. Mimi hii wiki ya tatu. Mjukuu wangu alikuja na kikohozi, wakamng'oa jino."

"Sasa anaendeleaje?" Mkuu aliuliza.

"Anakohoa kwenye pengo."

Dirishani alikaa karani wa kitengo, binti ambaye Mkuu alimfundisha kazi mwenyewe na kumsifu kwenye kila kikao kwamba hayumbi.

"Karani, fungua mlango, ni mimi."

"Namba yako, mzee?"

"Unanifahamu."

"Ulinifundisha kwamba dirishani hakuna sura, kuna namba." Alimkatia kikaratasi. Kumi na mbili.

Aliijaza fomu magotini. Swali la kwanza lilimchukua muda mrefu, kwa kuwa alikuwa na hakika na pia amechoka, na kisanduku kilikuwa kimoja. Kwenye swali la nne aliandika shukrani. Nafasi ilikuwa kubwa kuliko ya lalamiko lenyewe, na alikumbuka siku alipoipima kwa rula, akafurahi.

"Imebaki Ushauri Nasaha," alisema karani. "Bahati mbaya Mkuu hayupo ofisini."

"Hayupo kwa sababu amesimama mbele yako."

"Mimi sijui alipo. Hakuaga."

Basi akazunguka, akaingia kwa mlango wa watumishi, akaketi kwenye kiti chake kikubwa. Karani akachungulia, akaona Mkuu amefika, akaita: "Kumi na mbili aingie." Mkuu akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha wageni. Kilikuwa kifupi mno. Magoti yalimfika kifuani. Akanyanyuka tena, akarudi kwenye kiti kikubwa, akaanza kwa ile sauti yake ya maziwa kueleza kwamba binadamu hukosea, kwamba muuguzi naye ana mama.

Chiriku alikuwa amesimama pembeni ya kabati.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na mlalamikaji."

"Anasemaje?"

"Anasema mtoto wake anaumia."

"Na Mkuu anamjibuje?"

Mkuu alifungua kinywa. Kwa miaka yote ile maneno yalikuwa yanakuja yenyewe kama maji ya bomba. Sasa bomba lilitoa hewa tupu.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa hodi. Alikuwa Mkurugenzi wa hospitali, tumbo likitangulia na manukato yakifuata.

"Nasikia kuna mtu anataka kutuharibia hesabu. Ni nani?"

"Ni mimi, Mkurugenzi."

Mkurugenzi alitabasamu. Aliwaita mhasibu na dereva wake waliokuwa koridoni, akatangaza kwamba akidi imetimia na Kamati ya Dharura imekaa, ingawa wote walikuwa wamesimama. Ndani ya dakika tano kamati iliazimia kwamba, kwa madhumuni ya wiki hii, mkono wa kulia wa mtoto utambuliwe rasmi kuwa ndio uliovunjika. Dereva aliunga mkono hoja.

"Saini hapa," alisema Mkurugenzi. "Na nilitaka nikwambie Ijumaa, lakini acha nikwambie leo. Nafasi ya Naibu Mkurugenzi ina jina lako."

"Na mkono?"

"Mkono gani? Umeshashughulikiwa na kikao."

Mkuu alichukua kalamu ya kwanza kati ya zile tatu. Ofisi ya Naibu ilikuwa na zulia na pazia, na kiti chake kilizunguka. Alijua pia kwamba saini yake ingekuwa halali kabisa, maana azimio halikuwa na kasoro ya kiutaratibu. Akamtazama binti yake amuulize kama anaweza kuvumilia hadi Jumatatu. Akakiona kidole gumba cha mkono ule uliovimba. Kilikuwa kimebadilika rangi. Akakigusa. Kilikuwa cha baridi.

Akairudisha kalamu mfukoni, akafungua droo ya chini.

Muhuri wa LIMEPOKELEWA ulikuwa bado kwenye karatasi ulionunuliwa nayo. Wino ulikuwa umekauka kama udongo wa kiangazi. Mkuu aliupulizia pumzi, akaudondoshea maji ya kunywa, akaugonga kwenye fomu yake. Hakuna kitu. Akagonga tena. Mara ya tatu ikatokea POKELEWA, yenye kupinda, lakini ikisomeka.

"Unajua unachofanya?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hapana," alisema Mkuu. "Ni mara yangu ya kwanza."

Faili likafunguliwa. Kabla ya saa sita plasta ilikuwa imekatwa, eksirei imepigwa, na mkono wa kushoto unafungwa. Daktari alisema wangechelewa siku mbili zaidi angesema maneno mengine. Sauti ya Chiriku ilirudi. Alimwelekeza mfunga plasta kazi yote: asimame wapi, atazame wapi, na kwamba kushoto ni kwake yeye mwenye mkono. Baba yake alisimama kando akimsikiliza porojo zile, akalazimika kutoka nje kidogo ajifute uso.

Kule kwenye benchi, bibi alikuwa ameona muhuri kupitia dirisha.

"Kumbe linapokelewa," alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini neno lilienda wodini, likaenda sokoni, likapita kituo cha bodaboda ambako hakuna neno linalolala. Alhamisi asubuhi foleni ilikuwa imetoka getini. Mkurugenzi alimwandikia Mkuu barua ya kumsimamisha kazi, ila kwa mujibu wa utaratibu barua kama hiyo ilipaswa kupitia Kitengo, na Kitengo kilikuwa na foleni. Mpaka Ijumaa saa tatu, malalamiko yaliyogongwa muhuri yalifika mia nne na kumi na mawili.

Mgeni rasmi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na mkoba chakavu. Mkurugenzi alimpokea uwanjani kwa hotuba iliyoandikwa kabla ya Jumatano, na hakuwa amepata muda wa kuibadilisha. Alipofika kwenye "siku elfu moja za ukimya wa furaha," mgeni aliinua mkono.

"Nilipita dirishani kwanza," alisema. "Nimesoma mengi. Kusema kweli nimefarijika. Sisi kule tulidhani hapa hakuna wagonjwa. Ndiyo maana kila mwaka tukawapunguzia madaktari."

Wauguzi waligeuka wakatazamana.

"Sasa nisaidie, Mkurugenzi. Kama wagonjwa hawakuwapo siku zote hizo, dawa tulizoleta zilimezwa na nani? Na kama walikuwapo, mliwanyamazishaje? Chagua moja tu, la pili nitaliuliza Jumatatu."

Mkurugenzi alipekua kurasa za hotuba.

"Na fomu hii aliitunga nani?"

"Mimi," alisema Mkuu. Mkewe, aliyekuja na mtoto na kusimama nyuma, alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Nawe Jumatatu utakuja ofisini kwangu unieleze swali la nne."

"Nitakuja. Sina maelezo, lakini nitakuja."

Mgeni alimrudia Mkurugenzi. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye tai. Mkurugenzi alishika kifua, akayumba, akakaa chini kwenye vumbi taratibu kama gunia linalovuja. Hakuwa anaigiza. Mfunga plasta na wenzake watatu walikuja mbio na machela ya magurudumu, wakampakia, wakamgeuza kuelekea wodini. Kutoka pale mpaka mlangoni ni hatua ishirini.

Mkurugenzi alifumbua macho. Aliuona mlango. Alimwona mfunga plasta. Akaukamata ukingo wa machela kwa mikono yote miwili.

"Si hapa," alisema.

"Unasemaje, mzee?"

"Nipelekeni kokote mtakapo. Si hapa."

Umati mzima ulisikia. Dereva alikwenda kuwasha gari. Karani, ambaye hayumbi, alichukua karatasi akaandika namba mia nne na kumi na tatu, jina na cheo cha mlalamikaji, na lalamiko lenyewe, maneno mawili. Mgeni rasmi akasaini kama shahidi.

Kisha karatasi ikafika kwa Mkuu, naye akaigonga muhuri bila kumshauri mtu.