Dakika Kumi na Tano mupaka Mavivi

Siku ya ine, 9 octobre. Butembo.
Kavugho, ule ninataka kuoa, ametuma sauti ku telefone. Papa yake, Papa Kataliko wa Beni, anataka kuona bachumba bake bote babili siku ya posho, kesho kutwa. Njo atachagua nani atamuletea mbuzi ya mahari. Mimi ni mumoja. Mwingine ni Kabongo, agent wa Leta, wa serikali, hapa Butembo, mutu wa Kasaï. Atakuya na avion, kwa kuruka! Mimi nasafishaka moto, pikipiki za batu. Na mbele ya bakubwa mudomo wangu unajifunga.
Nimewaza muchana muzima. Basi. Na mie nitasema nimekuya na avion.

Siku ya tano, 10 octobre.
Nimeshinda pembeni ya uwanja wa avion, naangalia benye kushuka. Banatembea polepole. Banajishika masikio. Nimeandika yote. Mulinzi amesema mupaka Mavivi, uwanja wa Beni, ni kilometre makumi tano na kitu kwa kupita juu. Dakika kumi na tano. Na moto ni masaa mbili na vumbi. Nimekariri: kumi na tano, kumi na tano.

Siku ya posho, 11 octobre. Beni.
Abdias, rafiki yangu motard, amenibeba na moto yake asubuhi sana. Pantalon ya muzuri ndani ya sachet. Ku Mavivi nimenawa vumbi na ndoo ya mama wa mandazi. Avion imetua. Nimejiingiza kati ya abiria, mikono ku masikio. Papa Kataliko, alikuya kutungojea, amenipa mukono!
Ku meza, kwake nyumbani, akauliza safari ilikuwa ya namna gani. Dakika kumi na tano, nikajibu. Akafurahi. Kabongo akasema hakuniona mule ndani ya avion. Nikasema nilikaa nyuma. Akasema nyuma kulikuwa makarto ya vifaranga. Nikasema ndiyo, vililia njia muzima.
Kisha Papa: "Kijana, balikukuta na kilo ngapi?"
Nikasema sikubeba muzigo.
"Hapana muzigo. Weye."
Kabongo akajibu mbio: tisini na mbili, na viatu. Kumbe ku ka-avion kadogo banapimaka kila mutu ku balance mbele ya kupanda! Mie niliangalia benye kushuka tu.
Nikasema mia moja na makumi ine.
Papa akaniangalia kutoka miguu mupaka kichwa. Kavugho akaficha uso ndani ya kitambaa. Kumbe Papa njo alikuwaka anapima batu ku Mavivi, miaka kumi na mbili!

Siku ya Mungu, 12 octobre. Butembo.
Nimepanda balance ya viazi ku soko. Kilo makumi tano na sita.
Kavugho ametuma sauti ingine: "Papa hakukasirika. Anasema Kabongo anaongea mingi. Urudie siku ya posho. Lakini kuya na moto, na useme moto. Ni ile tu anaomba."
Nimesikiliza mara tatu. Bananijaribu. Papa gani anaweza kupenda mukwe wa vumbi? Abdias anasema niende tu na moto. Abdias haelewi bintu.
Basi siku ya posho nitasema natoka Mangina, kule pembeni ya Beni, na avion. Kilo sasa najua. Na ku Mangina haiko uwanja wa avion. Njo vizuri: haiko mutu Beni anajua dakika zake.